Anayepatikana Kwanza

Watu wakiniuliza kazi yangu nami nikawajibu kuwa nafunga vifurushi, wanadhani niko posta. Siko posta. Wenzangu ofisini wanaandika programu, mimi naichukua programu yao, naifunga pamoja na kila kitu inachokitegemea, na kifurushi kinakwenda kwa wateja wetu ambao ni maduka ya dawa. Mwenye duka akiifungua, kabla programu haijaonyesha hata uso wake inaanza kutafuta wenzake, maana haiwezi kitu peke yake. Kuna faili la kuhesabu, la kuchapa risiti, la kusoma tarehe za dawa kuharibika, na kila moja lina mahali pake pa kukaa. Yakikosekana, programu inafia mlangoni.

Aliyenifundisha haya ni baba. Yeye ndiye aliyeiandika programu yetu tangu mwanzo, na ofisini walimpa jina la Mzee Njia kwa sababu kila ukimpelekea tatizo alikuuliza swali lile lile: "Inapita njia gani?" Mimi alinifundisha nikiwa bado mwanafunzi, jikoni kwetu, mama akiwa anapika na kutucheka.

"Mama yako akitaka chumvi anaitafuta wapi kwanza?"

"Kabatini."

"Akiikosa?"

"Stoo."

"Akiikosa?"

"Ananituma kwa jirani."

"Je, akiiona kabatini, atakwenda stoo?"

"Aende kufanya nini?"

"Na kama lile kopo la chumvi mtu ametia sukari?"

Nilicheka, nikasema basi siku hiyo tutakula mboga tamu.

"Ndiyo hivyo hivyo. Programu inatafuta kwa mpangilio, na ikishaona jina inalolitaka, imemaliza. Haitafuti tena. Haionji. Umenielewa, Kiherehere?"

Kiherehere ndiye mimi. Nilizaliwa kabla ya tarehe, na mama alisema tangu siku ile sijawahi kusubiri zamu yangu ya kuongea. Lakini jina hilo lilikuwa la baba peke yake. Kaka aliwahi kulijaribu tulipokuwa wadogo, nikamng'ata.

Mama alipofariki, mimi niliyekuwa sijaolewa nikabaki na baba nyumbani. Kaka yangu mkubwa ni fundi ujenzi, na huzuni yake huitolea kwenye nyundo. Matanga hayajapoa vizuri, akaja na mafundi wake, akaziba mlango wa jikoni unaotokea uani, akafungua mwingine upande wa pili, kabati la mbao la mama akalipeleka kwenye eneo lake la kazi kuwekea misumari. Pale lilipokuwa kabati akasimamisha friji. "Tuanze upya," alisema, na mimi nilikuwa nimechoka mno kubishana naye.

Baba hakuanza upya. Alianza kupotea ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Asubuhi ungemkuta amesimama mbele ya ukuta mpya, anaupapasa kwa viganja viwili pale mlango ulipokuwa. Alifungua friji akitafuta kikombe chake, akaifunga, akaifungua tena. Mwanzoni tulicheka, na yeye alicheka pamoja nasi. Kisha akaanza kuwasahau watu aliofanya nao kazi miaka mingi, na kicheko kikakatika.

Daktari hakumung'unya maneno. Alisema ni maradhi ya kusahau, hayana dawa, yanaanza na vitu na kuishia kwa watu. Nilimuuliza kama majina nayo yanakwenda. Akasema mara nyingi ndiyo. Toka siku ile nilikuwa na ombi moja tu, na niliomba kama mtoto anavyoomba, bila haya: afya yake na iende, fedheha ya kuogeshwa na binti yake tutaimeza wote wawili, ila aendelee kuniita Kiherehere. Jina hilo likiondoka, ningekuwa nimefiwa na wazazi wote wawili, mmoja akiwa bado anakunywa chai mezani kwangu.

Shangazi, dada yake baba, alihamia kwetu ili nipate kwenda kazini. Ni mwanamke mwenye mdomo mkali na moyo laini, na alimsukuma kaka yake kama walivyosukumana utotoni. "Wewe umeanza lini kusahau?" alimwambia siku ya kwanza. "Deni la maziwa yangu uliyoyanywa tukiwa wadogo mbona hukulisahau kwa bahati mbaya, ulilisahau makusudi?" Baba alicheka mpaka akakohoa.

Wakati huo huo ofisini mambo yakaharibika. Bosi wetu tunamwita Leo-Leo, kwa sababu hajawahi kutaka jambo lifanyike kesho. Aliingia chumbani kwetu na simu mbili, kila moja ina mteja anayepiga kelele.

"Maduka yamenunua kompyuta mpya, yameweka kifurushi chako, na programu haifunguki! Nataka iwake leo! Leo!"

Nikaketi nikatazama. Programu iliandika neno moja tu, haikupatikana, kisha ikafa. Nilikasirika, kwa sababu kilichokuwa hakipatikani nilikuwa nimekifunga kwa mikono yangu. Kilikuwa mle mle ndani ya kifurushi, mbele ya pua yake. Nikaichimba programu mpaka tumboni, ndipo nikaelewa. Baba alipoijenga aliichomea anwani moja ndani kabisa: kabla ya kutafuta mahali pengine popote, nenda kwenye folda iitwayo kwetu. Folda hiyo aliiweka yeye mwenyewe kwenye kila kompyuta ya kila duka, akitembea na begi lake, miaka ile ambayo wateja walikuwa wachache na wote alikunywa nao chai. Kompyuta mpya hazikuwa na kwetu. Na baba, kwa ukaidi wake wa siku zote, aliiagiza kwamba ikiikosa kwetu isihangaike kwingine, ife tu, ili fundi ajue kuna kilichoharibika.

Programu yake ilikuwa imesimama mbele ya ukuta, inapapasa. Nilitazama kioo cha kompyuta, machozi yakanilengalenga, nikajifanya nina mafua.

Dawa yenyewe ilikuwa kuijenga upya bila ile anwani, halafu kuijaribu duka kwa duka. Leo-Leo hakutaka kusikia. Kwa hiyo nilifanya kile ambacho kila mfunga vifurushi hufanya akibanwa, niliweka kiungo. Kiungo si folda. Ni jina tupu. Anayeliita anapelekwa mahali pengine, na hajui kwamba amepelekwa. Nilitengeneza kiungo nikakipa jina la kwetu, nikakielekeza kwenye nakala ya mafaili yale yale niliyoiweka pembeni. Programu ikaita kwetu, ikaitikiwa, ikaamka. Leo-Leo alicheza katikati ya meza zetu, tumbo lake likicheza peke yake kwa wakati wake.

Nilirudi nyumbani nikiwa na wazo moja, na sikuvua hata viatu. Nilimpigia kaka simu.

"Rudisha kabati la mama."

"Lina misumari."

"Mwaga misumari. Na uje na nyundo, ule mlango uliouziba uuzibue."

"Dada, una akili kweli? Nimeweka marumaru pale."

"Baba hawezi kubadilika, kaka. Sisi tunaweza. Kila anachokitafuta, tukiweke pale anapokitafuta."

Alinuna, akanitukana kidogo, akaja. Kaka yangu ni mtu wa kelele, lakini siku ile alibomoa kazi ya mikono yake bila neno, na nilipopita na ndoo ya kifusi nilimwona anafuta macho kwa mkono wenye vumbi mpaka uso ukawa tope. Tulirudisha kabati. Friji tukaipeleka sebuleni, ikakaa pale imeduwaa kama mgeni aliyekosea nyumba. Sabuni, wembe, redio, viatu, kila kitu tulikipeleka kilipokuwa mama akiwa hai, na tulipobishana shangazi ndiye aliyeamua.

Baba alitoka chumbani akiwa amevaa fulana. Akaenda moja kwa moja mlangoni, akapita, akatazama uani, akarudi. Akafungua kabati. Akatoa kikombe chake cha bati cha buluu, kilichobanduka mdomoni, na akanigeukia.

"Kiherehere, mbona hamjachemsha maji mpaka saa hizi?"

Nilikwenda bafuni nikafungua bomba ili nisisikike. Nililia kwa furaha, na siioni aibu. Kaka alisimama uani anapiga chafya za uongo.

Zilifuata siku nzuri. Baba alinyoa ndevu mwenyewe. Aliniuliza habari za ofisini, nikamweleza mkasa wa folda, akatikisa kichwa. "Kiungo ni dawa ya leo," akasema. "Usikisahau humo ndani. Mtu akikisahau, kinakuja kumng'ata." Niliitikia kama mtoto mwema. Nilikuwa sisikilizi, nilikuwa namtazama tu anavyoongea.

Lakini tulikuwa tumemrudishia baba nyumba nzima tukamnyima mwenye nyumba. Zamani, nyumba ilipokuwa ngeni kwake, hakushangaa sana kutomkuta mama, kwani hakuna alichokikuta. Sasa kila kitu kilikuwa pale pale, kasoro mtu mmoja. Kila alasiri alisimama mlangoni pa jikoni akaita, "Mwenzangu!" Ndivyo alivyomwita mama maisha yao yote. Akiona kimya anakwenda chumbani, anakwenda uani, anakwenda kwenye geti.

Mara ya kwanza shangazi alimwambia ukweli. "Kaka, wifi yangu tulishamzika." Baba alipokea habari ile kana kwamba imefika sasa hivi. Alikaa chini sakafuni. Alilia kilio ambacho sikumsikia akilia hata siku ya mazishi yenyewe, maana siku ile alikuwa na wageni wa kuwakaribisha. Alasiri iliyofuata alikuwa amesahau, akaita tena, akaambiwa tena, akafiwa tena. Shangazi akaniambia, "Mwanangu, mimi siwezi kumfisha wifi yangu kila siku kabla ya chai ya jioni." Tukaacha kumwambia.

Tulipoacha kumwambia, akatoka kwenda kumtafuta. Mchomeleaji wa pale kona alimrudisha akiwa na kiatu kimoja. Kisha akarudishwa na watu tusiowajua. Kisha siku moja alivuka barabara kubwa bila kutazama, lori likafunga breki, na harufu ya matairi ikabaki kwenye nguo zake. Kaka alikuja akiwa amekunja uso.

"Kuna nyumba ya wazee, mwendo wa siku moja kutoka hapa. Ina geti, ina manesi. Nimeshaongea nao."

"Ukimtoa hapa, kilichobaki chote kitapotea. Umeona mwenyewe."

"Nimeona lori, dada. Hilo ndilo nililoliona."

Nilimsihi anipe muda. Akanipa, kwa sababu na yeye hakutaka. Nitamtetea kaka kwa hilo siku zote.

Alasiri iliyofuata nilikuwa jikoni nakata vitunguu. Ilikuwa baridi, nilivaa sweta ya kijani iliyokuwa imetundikwa nyuma ya mlango. Ilikuwa ya mama. Naapa sikuivaa kwa hila yoyote, niliivaa kwa sababu ya baridi. Baba akasimama mlangoni nyuma yangu.

"Mwenzangu!"

Nilisikia miguu yake imeshaanza kugeuka kwenda getini. Nilikuwa nimechoka. Nilifikiria lori, nikafikiria geti la ile nyumba ya wazee, na mdomo wangu ambao haujawahi kusubiri zamu yake ukasema:

"Abee!"

Miguu ikasimama. Baba akaingia, akavuta kigoda, akaketi, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo.

"Nimekuita siku nzima," akasema. "Ulikuwa wapi wewe?"

"Nilikuwa hapa hapa."

Akala vizuri siku ile. Akalala mapema. Kesho yake akaita, nikaitika, na getini hakwenda. Shangazi aliniangalia kwa jicho la pembeni. "Naona umevaa sweta ya marehemu." Nikamwambia inafanya kazi. Akafikiri, akasema, "Haya. Njaa haichagui sahani." Kaka alipokuja alikaa na baba mchana mzima, akamwona ametulia, ndevu zimenyolewa, viatu vyote viwili mlangoni. Alinivuta pembeni.

"Usiache. Chochote unachofanya, usiache."

Sikuacha. Mimi kitu nikikifanya nakifanya kwa fujo. Nilianza kupaka mafuta aliyokuwa akipaka mama, nikabana nywele kwa mtindo wake, nikahamia kiti chake pale dirishani. Nilijifunza kikohozi chake kidogo cha kabla ya kuongea. Moyoni nilijiambia ni kiungo tu. Jina tupu, limwelekeze kwenye usalama. Kichwani kwangu nilikuwa watu wawili, mama alasiri na Kiherehere saa nyingine zote, na nikadhani kichwani kwa baba nako tuko wawili.

Dalili zilikuja kwa vichekesho. Nilimpelekea uji nikasema, "Baba, kunywa kabla haujapoa," akacheka. "Siku hizi na wewe unaniita baba kama watoto?" Tukacheka wote. Siku nyingine nilirudi kazini na begi langu na vumbi langu, nikampa shikamoo, akanishangaa. "Unaniamkia mimi, Mwenzangu? Umefanya kosa gani leo?" Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi pia nilicheka, ila baadaye, nikiwa naosha vyombo, nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho aliponiita Kiherehere, na sikukumbuka.

Leo-Leo ndiye aliyenifumbua macho, na hajui mpaka kesho.

"Mbona mabadiliko hayaonekani?" alifoka. "Wenzako wamerekebisha hesabu za dozi, umefunga kifurushi kipya, nimepeleka madukani, na bado programu inahesabu kama zamani! Umefunga nini wewe, hewa?"

Nikafungua kifurushi. Faili jipya lilikuwamo, zima, safi, mahali pake. Nikaifuata programu hatua kwa hatua ilivyokuwa inaamka. Ilianza kwetu. Ikakikuta kiungo changu nilichokisahau humo, kikaipeleka kwenye nakala ya zamani. Ikaona jina inalolitaka. Ikamaliza. Faili jipya lilikaa ndani ya kifurushi likisubiri kuitwa, na lisingeitwa hata dunia iishe, kwa sababu kuna lingine lililopatikana kwanza.

Haitafuti tena. Haionji. Nilisikia sauti ya baba ikisema hivyo, pale pale kwenye kiti cha ofisi. Nilielewa nilichokifanya nyumbani.

Kwenye kompyuta nilikifuta kile kiungo, nikaing'oa na ile anwani ya baba, nikaizima programu, nikaiwasha. Ikatafuta upya, ikapata faili jipya, hesabu zikanyooka. Haikukumbuka hata kwamba ilikosea. Nikaomba ruhusa, nikarudi nyumbani mbio.

Nilivua sweta nikaifungia sandukuni. Nikaoga mpaka harufu ya yale mafuta ikaisha. Nikafumua nywele. Nikavaa suruali yangu ya kazini, nikakaa kwenye kigoda changu cha utotoni miguuni pake, nikamshika magoti.

"Baba. Ni mimi. Kiherehere."

Akanitazama usoni, na nikaona macho yake yakitafuta. Yalitafuta kwa muda mfupi tu. Yalipofika kwa mama yakatulia.

"Mwenzangu, mbona umekaa chini? Inuka, utapata baridi."

Nilijaribu kesho yake, na keshokutwa. Nilimwimbia nyimbo za shuleni. Nilimwonyesha picha yangu nikiwa na meno mawili ya mbele hayapo, akaifurahia, akambusu yule mtoto wa kwenye picha, kisha akanipa picha nikaitunze. Nilikata nywele zote, nikabaki kipara. Alihuzunika, akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamkaripia, Mungu anisamehe, nikamwambia mama amekufa na mimi ni binti yake, na akanitazama kwa hofu ya mtu anayeona mke wake anapata wazimu. Shangazi aliniondoa chumbani kwa nguvu.

"Mwache," akaniambia uani. "Unamtesa."

"Shangazi, programu ikikosea tunaizima na kuiwasha."

"Basi huyu ndugu yangu hazimwi." Akanikumbatia, akaniacha nilie kwenye bega lake, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani wowote.

Niliivaa tena sweta. Ningefanya nini? Maji yakimwagika hayazoleki. Afadhali awe na mmoja kuliko kukosa wote, nilijiambia, na kwa siku chache nilijipiga moyo konde kwa maneno hayo. Alasiri alikaa dirishani karibu nami, mkono wake juu ya wangu. Kisha alasiri moja akatikisa kichwa.

"Yule mtoto mbona haji?"

"Mtoto gani?"

"Unaniuliza mtoto gani! Kiherehere. Hata simu hapigi. Mwenzangu, tulimkosea nini?"

Jina lilikuwa halijaondoka. Lilikuwa zima ndani yake muda wote huo, na lilikuwa linaniita.

"Yuko kazini," nikasema. "Atakuja."

"Yule hawezi kusubiri kitu. Kama angetupenda angeshafika."

Tangu siku hiyo dirisha halikumtosha. Jana nilirudi kutoka kazini nikakuta geti liko wazi, na shangazi yuko barabarani na ndala moja mguuni, anapiga kelele. Nilimwona baba pale kona, anaongea na mchomeleaji, ameinyoosha mikono mbele, kiganja kimoja kinaonyesha kimo cha mtoto. Magari yalikuwa yanapita nyuma yake. Simu yangu ikalia. Ni kaka, mchomeleaji alishampigia.

"Ametoka tena? Si tulishamaliza mambo haya? Si unamwitikia?"

"Namwitikia."

"Anamtafuta nani sasa?"

"Ananitafuta mimi, kaka."

Nilisikia nyundo za mafundi wake upande wa pili wa simu, zikipiga, zikipiga.

"Si umwambie upo?"

"Nimemwambia."

"Jumamosi nakuja kumchukua," akasema taratibu, na sauti yake ilivunjika katikati. "Dada, nisamehe. Jumamosi nakuja."

Nikakata simu, nikamwendea baba. Nilimshika mkono, nikamvuta kando ya barabara. Nilikuwa na begi la kazi, nywele zangu ndiyo kwanza zinachipua, sweta sina. Nilimtazama machoni nikasema polepole, kama anavyosema mtu anayeomba:

"Baba. Nimekuja. Ni mimi, Kiherehere."

Uso wake ukalainika. Ulikuwa uso aliomwekea mama peke yake.

"Mwenzangu, na wewe umetoka kumtafuta?" Akanipigapiga mkono kunifariji. "Usilie. Hawezi kuwa mbali. Wewe tafuta upande huu, mimi nitafute ule."

Akaniachia mkono. Mchomeleaji alitupa chombo chake akamkimbilia, akamshika kiwiko, akamvusha salama. Mimi nilibaki upande niliopangiwa, namsikia akiniita.